Ini Lenye Makovu na Safari ya Damu Mwilini

Mkazi wa kata za mwambao wa Ziwa Victoria anapotapika damu ghafla, jambo la kwanza kutajwa nyumbani ni vidonda vya tumbo. Jambo la pili, ambalo hutajwa kwa sauti ya chini, ni mkono wa mtu. Vidonda vya tumbo huweza kweli kutoa damu, lakini katika vijiji ambavyo watu huoga, hufua na kuvua ziwani tangu utotoni, kipo chanzo kingine kinachopaswa kufikiriwa mapema: ini lililojaa makovu hata damu ikakosa njia ya kupita. Damu ikizuiwa penye ini haisimami. Hutafuta njia za kando, na mojawapo ya njia hizo hupita kwenye mishipa myembamba ya umio, yaani mrija wa chakula unaotoka kooni hadi tumboni. Mishipa hiyo haikuumbwa kubeba mzigo huo. Siku ikipasuka, mgonjwa huweza kupoteza maisha katika muda wa saa chache.

Njia mbili za damu kuingia kwenye ini

Ini la mtu mzima lina uzito wa takribani kilo 1.5, nalo limekaa upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Kila dakika hupitiwa na takribani lita 1.5 za damu, yaani karibu robo ya damu yote inayosukumwa na moyo katika muda huo. Viungo vingi vya mwili hupokea damu kutoka katika ateri peke yake. Ini lina milango miwili. Ateri huliletea kiasi cha robo ya damu yake, damu mpya yenye oksijeni nyingi. Robo tatu zinazobaki huletwa na mshipa mpana uitwao vena ya lango, ambao hukusanya damu iliyokwisha kupita tumboni, kwenye utumbo, kongosho na bandama. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile ambacho mtu amekula, kunywa au kumeza kama dawa, ikishafyonzwa, hufika kwenye ini kabla ya kufika kwenye moyo. Ini hutunza kinachofaa, hubadili kinachodhuru, kisha huiachia damu iendelee na safari yake.

Damu ya vena ya lango hutembea kwa upole. Shinikizo lake kwa mtu mwenye afya ni kati ya milimita 5 na 10 za zebaki tu, ilhali shinikizo linalopimwa mkononi hufikia karibu 120 moyo unapodunda. Nguvu hiyo ndogo hutosha kwa sababu ini lenye afya ni laini, na njia zake ndogo za ndani hupokea damu bila ukinzani. Mkulima wa mpunga anaielewa hali hii bila kufundishwa. Maji hupita katika mfereji wenye mteremko mdogo na kuingia kwenye majaruba taratibu. Mfereji ukijaa tope, maji hupanda nyuma ya tope hilo hadi yanapopata mahali tuta lilipo dhaifu, na hapo ndipo hulibomoa.

Makovu yanatoka wapi

Ugonjwa ambao madaktari huuita sirosisi, na ambao watu wengi huujua kama kusinyaa kwa ini, ni hatua ya mwisho ya majeraha ya miaka mingi. Virusi vya homa ya ini aina ya B na C, pombe nyingi ya kila siku, na mafuta yanayojijenga kwenye ini la mtu mwenye unene uliokithiri au kisukari, yote huua chembe hai za ini kidogokidogo. Ini lina uwezo mkubwa wa kujijenga upya, na pengine ndiyo sababu huvumilia muda mrefu bila kulalamika. Lakini jeraha likirudiwa mahali pale pale, ujenzi huo huenda kombo: panapokuwa na chembe hai hubaki kovu, na katikati ya makovu huota vinundu. Ini hugeuka gumu, na uso wake hujaa vilima na mabonde. Njia za damu za ndani hubanwa. Aidha, vijishipa vya ndani ya ini lililougua hujikaza kupita kiasi, hivyo sehemu ya kizuizi si kovu bali ni mshipa uliojibana. Hiyo ni habari njema, kwa kuwa mshipa uliojibana huweza kulegezwa kwa dawa kwa kiasi fulani.

Katika kata zilizo kandokando ya ziwa ipo njia nyingine ya ini kupata makovu, nayo haihitaji pombe wala virusi. Ni kichocho cha tumbo. Vijidudu vyake hukua ndani ya konokono wadogo wa majini, hutoka na kuogelea, kisha hupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini, hata kama ngozi hiyo haina jeraha. Mwilini hukomaa kuwa minyoo, dume na jike, ambayo huishi jozi jozi ndani ya vena za utumbo kwa miaka kadhaa. Jike mmoja huweza kutaga hadi takribani mayai 300 kwa siku. Sehemu ya mayai hutoka na choo kikubwa, na choo hicho kikifika majini mzunguko huanza upya. Mayai yaliyoshindwa kutoka husombwa na mkondo wa vena ya lango hadi kwenye ini, na hapo hunasa, kwa kuwa vijishipa vya kuingilia ni vyembamba kuliko yai lenyewe. Mwili hulizingira kila yai kwa uvimbe mdogo, na uvimbe ukipoa huacha kovu.

Mwaka 1904 daktari Symmers, aliyekuwa akifanya kazi Cairo nchini Misri, alieleza jinsi makovu hayo yanavyoizunguka vena ya lango na matawi yake ndani ya ini. Ini likikatwa, makovu huonekana meupe na magumu kama mashina ya viko vya udongo, na mfano huo wa kiko umebaki katika vitabu vya tiba hadi leo.

Tofauti kati ya magonjwa haya mawili ina maana kubwa kwa mgonjwa. Katika sirosisi vitu viwili vimeharibika kwa pamoja: njia ya damu na chembe hai zinazofanya kazi ya ini. Katika kichocho njia huzibwa langoni, lakini chembe hai za ini huendelea kufanya kazi kwa muda mrefu. Ndiyo maana mvuvi wa miaka 30, asiye na macho ya njano, anayevuta nyavu kila usiku na asiyejiona mgonjwa, huweza kutapika damu nyingi bila dalili yoyote aliyoitambua kabla. Mtu wa namna hiyo, akiwahishwa na damu ikazuiwa, ana matumaini makubwa zaidi kuliko mwenye sirosisi, kwa sababu ini lake bado lina nguvu. Inasikitisha zaidi anapopotea kwa kuchelewa njiani. Wapo pia wenye yote mawili, kichocho na homa ya ini aina ya B, na kwao makovu huongezeka upesi.

Damu inapoacha barabara yake

Shinikizo ndani ya vena ya lango likipanda, damu huanza kurudi nyuma na kupitia mishipa midogo inayoiunganisha vena hiyo na mishipa mingine inayoelekea moyoni. Kwa mtu mzima wa afya mishipa hiyo haina kazi kubwa. Iko kwenye sehemu ya chini ya umio, juu ya tumbo la chakula, kuzunguka kitovu, na kwenye njia ya haja kubwa. Ikijazwa damu hutanuka na kujikunja, na kwa baadhi ya wagonjwa huonekana chini ya ngozi ya tumbo ikitawanyika kutoka kitovuni.

Iliyo hatari zaidi ni ile ya umio, kwa kuwa ukuta wake ni mwembamba nayo imelala karibu sana na uso wa ndani. Hatari ya kupasuka huanza kuwa kubwa pale tofauti ya shinikizo kati ya damu inayoingia kwenye ini na ile inayotoka inapofikia milimita 12 za zebaki au zaidi. Mishipa hiyo haiumi na haimzuii mtu kumeza ugali. Inapopasuka, damu hutoka kwa mdomo, nyekundu au yenye mabonge, au hushuka na kutoka kama choo cheusi kinachonata mfano wa lami, chenye harufu kali. Choo hicho cheusi mara nyingi hupuuzwa kwa kuwa hakifanani na damu. Ni damu iliyomeng'enywa, na mwenye kukipata anastahili kupelekwa kituoni siku hiyo hiyo.

Bandama nayo hupata sehemu yake ya msongamano. Damu yake huondoka kupitia vena ya lango; ikizuiwa, bandama huvimba hadi hugusika chini ya mbavu za kushoto, na huanza kunasa chembe sahani, ambazo ndizo huziba jeraha damu inapotoka. Mgonjwa hutokwa damu puani au kwenye fizi kwa urahisi. Katika sirosisi hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu ini ndilo hutengeneza protini nyingi za kugandisha damu, nalo limepungukiwa na nguvu. Hapa inafaa kusema wazi juu ya desturi ya kumchanja chale mtoto mwenye bandama iliyovimba. Chale hazipunguzi bandama hata kidogo. Humtoa damu mtu ambaye damu yake haigandi vizuri, na wembe unaotumiwa kwa watu wengi huweza kuhamisha virusi vya homa ya ini kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Shinikizo la mkononi na shinikizo la tumboni

Jambo linalowachanganya wagonjwa wengi ni kwamba shinikizo likiwa juu ndani ya tumbo, lile la mkononi huwa la kawaida au chini ya kawaida. Sababu yake ni hii. Mwili unapoona damu haipiti vizuri kwenye ini, hutoa kemikali zinazotanua ateri za utumbo. Damu nyingi hujaa huko. Ijapokuwa jumla ya damu mwilini imeongezeka, sehemu nyingine za mwili huhisi kana kwamba imepungua. Moyo hudunda kwa kasi ili kufidia. Viganja huwa vyekundu na vya joto, na vijishipa vidogo vyenye umbo la buibui huonekana kifuani kwa watu wenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi havionekani kwa urahisi, hivyo kutoonekana kwake si uthibitisho wa afya.

Figo hupokea taarifa hiyo hiyo ya uongo. Kwa kudhani mwili umepoteza maji, huanza kuzuia chumvi na maji yasitoke na mkojo. Maji yaliyozuiwa, yakisukumwa na shinikizo kubwa la vena ya lango, huvuja na kujaa ndani ya tumbo. Tumbo hilo kubwa juu ya miguu iliyovimba na mabega yaliyokonda ndilo ambalo vijijini husemwa kuwa la kurogwa. Mgonjwa mwenye tumbo la maji akipata homa au maumivu ya tumbo asisubiri siku ya kliniki, kwani maji hayo huweza kushambuliwa na bakteria na kuhatarisha figo.

Ubongo pia huathirika. Damu inayolipita ini kando hubeba sumu ambazo zilipaswa kusafishwa, ikiwamo amonia itokayo utumboni. Dalili huanza polepole: mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku, husahau majina, mikono yake hupepesuka anapoinyoosha, na mwisho huzungumza mambo yasiyoeleweka. Familia nyingi hutafuta mtu wa kupunga pepo. Hospitalini hutafutwa chanzo, ambacho mara nyingi ni kutokwa damu, maambukizi au kukosa choo kwa siku kadhaa, na hutolewa dawa ya maji iitwayo laktulosi ili utumbo usafishike.

Anapotapika damu

Mgonjwa alazwe kwa ubavu ili damu isiingie kwenye mapafu. Asipewe chakula, kinywaji wala dawa ya vidonda vya tumbo iliyobaki nyumbani. Apelekwe mara moja kwenye kituo kinachoweza kumwongezea damu, hata ikiwa damu imeonekana kukoma, kwani mara nyingi hurudi. Ndugu wawili au watatu walio tayari kuchangia damu waandamane naye. Wasishangae daktari akimwongezea damu kwa kiasi badala ya kuijaza: damu ikizidi, shinikizo la vena ya lango hupanda na mshipa ulioziba hufunguka tena. Uamuzi huo huonekana kama ubahili, kumbe ni tiba.

Hatua inayofuata huhitaji rufaa. Katika hospitali za ngazi ya kanda, kama Bugando jijini Mwanza, daktari huingiza kamera ndogo kupitia mdomoni, huitazama mishipa ya umio na kuifunga kwa vijipete vya mpira. Mshipa uliofungwa hunyauka na kijipete hudondoka chenyewe baada ya siku kadhaa. Kazi hiyo hurudiwa kila baada ya wiki chache hadi mishipa iishe. Anayekwenda mara moja na kuona amepona hurudi nyumbani na mishipa iliyobaki.

Dawa inayotumiwa sana kuzuia damu isirudi ni propranololi, ambayo si ghali. Hupunguza kasi ya moyo na kubana ateri za utumbo, hivyo damu inayoingia kwenye vena ya lango hupungua. Kwa kuwa dawa hiyo hujulikana kama dawa ya shinikizo la damu, wagonjwa wengi huiacha mara wanapopimwa mkononi na kuambiwa wako sawa. Kipimo cha mkononi hakisemi lolote juu ya vena ya lango. Aache tu kwa maelekezo ya daktari, na mwenye pumu aseme mapema kabla ya kuandikiwa.

Kwa tumbo la maji, kinachopunguzwa kwanza ni chumvi. Kayabo na samaki wengine wa chumvi, viungo vya unga vya madukani, na chumvi ya kuongeza mezani huondolewa. Wapo wanaonyimwa pia maharage, mayai, maziwa na samaki wabichi kwa kudhani vinalichosha ini. Kunyimwa huko hukondesha misuli na kuongeza udhaifu. Vyakula hivyo vinahitajika. Dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo hununuliwa dukani bila cheti, ni za kuepukwa kabisa na mwenye ini lenye makovu, kwani huumiza figo na kuchochea kutokwa damu. Pombe iachwe yote, ya kiwandani na gongo.

Kabla ya makovu

Mtu aliyeishi miaka mingi kando ya ziwa na akaona damu kwenye choo, uvimbe chini ya mbavu za kushoto, au tumbo kuongezeka huku mwili ukikonda, aende zahanati na aeleze wazi kwamba huingia ziwani. Maelezo hayo humwelekeza mganga kupima choo na kutoa rufaa ya kipimo cha mawimbi ya sauti, ambacho huonyesha makovu yanayoizunguka vena ya lango. Vilevile aombe kupimwa homa ya ini aina ya B. Anayegundulika nayo hufuatiliwa, na panapohitajika hupewa dawa ya kuvituliza virusi. Watoto hupata kinga yake ndani ya chanjo wanazopewa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, kwa hiyo kadi ya kliniki yenye nafasi tupu ni ya kushughulikiwa mapema. Mtu mzima asiye na virusi hukamilisha chanjo kwa dozi 3 ndani ya miezi 6.

Dawa ya kichocho ni prazikwanteli. Humezwa baada ya kula, kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Shuleni watoto husimamishwa kwenye fimbo yenye alama na kupewa vidonge kulingana na urefu. Huua minyoo iliyokomaa, wala haizuii maambukizi mapya, hivyo anayerudi majini huhitaji kuimeza tena kadiri atakavyoelekezwa. Makovu machanga, hasa ya watoto, huweza kupungua baada ya tiba. Ya mtu mzima aliyekaa nayo miaka mingi mara nyingi hubaki, lakini hayaongezewi mapya. Ugawaji wa shuleni hauwafikii wavuvi wa kambini, wanawake wanaofua na kuosha dagaa ufukweni, wala vijana walioacha masomo. Hao waiulizie wenyewe zahanati au kwa mhudumu wa afya wa jamii, wakiwa wamekwisha kula, na wasingoje damu ionekane.